Askari Ahamiapo Rusizi: Shule Kwanza, Nyumba Baadaye

Askari apatapo barua ya uhamisho, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kazi: ataripoti lini, atakuwa chini ya nani, na vifaa alivyonavyo atavikabidhi kwa nani. Jambo la pili ni nyumba. Jambo la tatu, ambalo aghalabu hukumbukwa wakati mizigo imekwisha kuteremshwa na mwenye nyumba amekwisha kupokea kodi ya miezi kadhaa, ni shule ya watoto. Makala haya yana shabaha moja tu, nayo ni kuupindua utaratibu huo. Tutautazama mji wa Rusizi, ambao wazee wangali wanauita Cyangugu, kwa sababu ni mji wa mpakani ambao askari wa jeshi na wa polisi hawakosi kupangiwa kazi, na kwa sababu umbo la nchi yake laonyesha wazi, kuliko mahali pengi, hasara ya kupanga nyumba kwanza na kuuliza shule baadaye.

Asiyepata kufika huko na aelewe kwanza sura ya nchi. Wilaya ya Rusizi ilipata mipaka yake ya sasa katika mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, nayo ina sekta 18. Mji wenyewe una vichwa viwili. Juu iko Kamembe, yenye soko, kituo cha mabasi, maduka na uwanja wa ndege. Chini kando ya maji iko Cyangugu ya kale, pale ambapo mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuwa mpaka. Ukivuka daraja umeingia Bukavu. Kati ya vichwa hivyo viwili barabara inateremka kwa mizunguko. Ukishika njia ya kusini utafika Bugarama, bonde la joto na mpunga lililo karibu na mahali ambapo Rwanda, Kongo na Burundi zinakutana, na katika sekta jirani ya Muganza kipo kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Mashariki umesimama msitu wa Nyungwe, na nyuma ya msitu iko sekta ya Bweyeye, mbali na wenzake. Ziwani kuna kisiwa cha Nkombo, kinachofikiwa kwa chombo. Kwa hiyo askari aambiwapo kwamba amepangiwa Rusizi, hajaambiwa bado ni mahali gani. Mtu wa Bugarama na mtu wa Nkombo wote ni wa Rusizi, lakini nyumba inayomfaa mmoja haimfai mwingine hata kidogo.

Katika nchi nyingine, shule ya mtoto huamuliwa na mstari uliochorwa katika ramani. Huko Uingereza, shule ikiombwa na watoto wengi kuliko nafasi zake, umbali kutoka nyumbani hadi shuleni ni miongoni mwa mambo yanayotumiwa kuamua nani aingie. Katika miji mingi ya Marekani kila shule ya msingi ina eneo lake, na nyumba mbili zinazotazamana barabarani zaweza kuwa za shule mbili tofauti. Mwanauchumi Sandra Black alizichunguza nyumba za namna hiyo katika vitongoji vya Boston, akatoa matokeo yake mwaka 1999. Aliona kwamba alama za mitihani za shule zikizidi kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba iliyo upande wa shule hiyo, hata kama mtaa ulikuwa ule ule. Yaani sehemu ya bei ya nyumba ilikuwa ni bei ya dawati.

Rusizi haina mstari wa namna hiyo. Mtoto wa shule ya msingi hupelekwa, kwa desturi, katika shule iliyo karibu na kwao, na mwalimu mkuu akiwa na nafasi humpokea. Wengi husikia habari hii wakafurahi, wakadhani kwamba pasipo mstari pana uhuru wa kuchagua. La hasha. Mstari upo, ila umechorwa na bonde, na barabara kuu, na saa ya kengele, na wingi wa watoto darasani. Na kwa kuwa haukuandikwa popote, dalali hauonyeshi. Yeye hunyoosha kidole kuelekea kilima cha pili na kusema, "Afande, shule ile pale, dakika kumi tu." Ni kweli kwamba shule inaonekana. Katika nchi ya milima elfu moja kuonekana si kufika. Kati ya mlango wa nyumba na ule ukuta mweupe ng'ambo kuna bonde, na chini ya bonde kuna kijito, na wakati wa masika njia ya kupandia huwa utelezi mtupu.

Iko sababu ya kihistoria inayofanya shule na nyumba za kupanga zisikae pamoja katika sehemu hizi. Shule nyingi za zamani zilifuata misheni, na misheni zilichagua vilima vyao kabla miji haijakuwapo. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Mibirizi mwaka 1903. Wapentekoste kutoka Uswidi walianza kazi yao Gihundwe mwaka 1940. Palipojengwa kanisa palijengwa na darasa, na hata leo sehemu kubwa ya shule za Rwanda ni za madhehebu zinazosaidiwa na Serikali. Nyumba za kupanga, kwa upande wake, zilifuata biashara: soko, kituo cha mabasi, njia iendayo mpakani. Wako pia watu wenye shughuli zao Bukavu wanaopenda kulala upande huu, nao hugombea nyumba zile zile za Kamembe ambazo askari mgeni huonyeshwa kwanza. Matokeo yake ni kwamba nyumba iliyo rahisi kuipata mara nyingi si ile iliyo karibu na shule, na iliyo karibu na shule haina dalali.

Hata hivyo ramani hiyo ya zamani imebadilika, na hapa ndipo habari za miaka ya karibuni zinapomhusu mpangaji. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa, uliorefushwa baadaye kuwa wa miaka kumi na miwili. Watoto waliingia kwa wingi mno hata madarasa hayakutosha, ukatumika utaratibu wa zamu mbili: kundi moja asubuhi, jingine mchana, hasa kwa wadogo. Kisha mwaka 2020 Serikali ikaanza ujenzi mkubwa wa vyumba vya madarasa 22,505 nchini kote, kwa makusudi mawili yaliyotajwa wazi, yaani kupunguza msongamano na kupunguza mwendo wa mtoto kwenda shule. Shule mpya zilisimama mahali ambapo zamani palikuwa na mihogo. Kwa hiyo sifa ya mtaa aliyoisikia askari kwa mwenzake aliyehudumu Rusizi mwaka 2015 huenda haina maana tena. Mtaa uliodharauliwa kwa kuwa mbali na shule waweza leo kuwa na madarasa mapya, na kodi yake ikawa bado haijapanda. Hizo ndizo nyumba za kutafutwa kabla wenye nyumba hawajaamka.

Lakini madarasa hayo hayakuzifuta zamu mbili katika kila shule, na askari asipouliza habari ya zamu atakuwa hajauliza kitu. Tuchukue familia yenye watoto wawili wadogo, mmoja wa zamu ya asubuhi na mwingine wa zamu ya mchana, na nyumba iliyo mwendo wa dakika 40 kutoka shuleni. Mama humpeleka wa kwanza na kurudi. Adhuhuri humpeleka wa pili, humchukua wa kwanza, hurudi. Jioni huenda kumchukua wa pili, hurudi. Hizo ni safari tatu za kwenda na tatu za kurudi, kila moja dakika 40. Jumla ni saa nne za mguu kwa siku, siku tano kwa juma. Nyumba ikiwa mwendo wa dakika 10, kazi ile ile huchukua saa moja. Tofauti ya saa tatu kila siku ndiyo inayoamua kama mama huyo ataweza kuuza kitu sokoni, kulima kipande cha shamba au kufanya kazi ya mshahara. Mwenye nyumba ya mbali amepunguza kodi kidogo, na familia imelipa kilichobaki kwa miguu. Wazazi wasioweza kuzitoa saa hizo, na hao ndio wengi, humwachia mtoto wa miaka saba aende peke yake.

Tuseme wazi neno moja ambalo wenzetu wengi hawalipendi. Askari hupenda kupanga karibu na kambi au kituo chake, na ana sababu: akiitwa usiku afike upesi. Sababu hiyo ni nzuri kwake yeye. Lakini askari ni mtu mzima, amefunzwa kutembea usiku, na mara nyingi chombo cha kazi humfuata. Mtoto hana gari la kumfuata. Tena askari mwenyewe si mtu wa kukaa. Wanajeshi na polisi wa Rwanda wamo katika kazi za kulinda amani za Umoja wa Mataifa huko Afrika ya Kati na Sudan Kusini, na tangu Julai 2021 wako pia Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mtu huondoka Kamembe kwa miezi mingi, na nyumba aliyoichagua kwa ajili ya kituo chake hubaki na watu ambao kituo hicho hakiwahusu. Nyumba ipangwe kwa ajili ya anayebaki.

Mwandishi wa safu hii hana haki ya kumcheka mtu. Miaka iliyopita, katika mji mwingine wa kando ya Ziwa Kivu, alipanga nyumba kwa sababu ya baraza lake lililotazama maji. Jioni mandhari ilikuwa ya kupendeza kweli. Asubuhi binti yake wa darasa la pili alipanda ngazi za mawe na kisha njia ya udongo mpaka barabarani, na alipofika shuleni alikuwa amechoka kabla ya somo la kwanza. Muhula ulipokwisha mwalimu aliandika kwamba mtoto huyu husinzia. Haikuhitajiwa daktari, ilihitajiwa nyumba nyingine, na kodi ya miezi iliyolipwa mbele haikurudi.

Yako mambo ambayo hayaonekani ila kwa kwenda mwenyewe kwa miguu, saa ile ile ambayo mtoto atakwenda. Kazi hiyo askari anaijua kwa jina jingine: ni kupeleleza ardhi. Kuanzia Januari 2023, kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwezi Novemba 2022, masomo ya mchana kutwa huanza saa mbili na nusu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Basi toka nyumbani saa mbili kasorobo, siku ya kazi wala si Jumapili, utazame njia. Je, mtoto atavuka barabara kuu? Njia ya Bugarama hupita malori ya saruji, na njia ya mpakani hujaa mizigo na pikipiki. Dereva anayeteremka mlima hawezi kusimama ghafula kwa sababu ya mtoto aliyefukuzia mpira. Je, kijito kina daraja au gogo tu? Je, watoto wengine wa mtaa huo hupita njia hiyo kwa makundi, au mwanao atakuwa peke yake kwenye mihogo?

Ukifika shuleni tazama kuta. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, likaua watu na kuangusha majengo. Ilikuwa Jumapili, na madarasa yalikuwa matupu. Nchi hii ya bonde la ufa haijaacha kutikisika. Ufa unaotoka dirishani kwenda darini si jambo la kusemewa kwamba ni rangi imebanduka, nao utafutwe katika nyumba unayopanga vilevile, hasa ikiwa ni ya matofali mabichi.

Baada ya kuta, waulize walimu. Watu wengi wa vyeo vya kati hukimbilia shule binafsi kwa kudhani kwamba shule ya Serikali haina mwalimu. Dhana hiyo ilikuwa na msingi wake zamani. Lakini mwezi Agosti 2022 mishahara ya walimu wa shule za msingi wenye cheti cha ualimu iliongezwa kwa asilimia 88, na tangu hapo mwalimu mzuri hana tena sababu kubwa ya kuihama shule ya Serikali. Chakula cha mchana, kilichofikishwa katika shule za msingi katika mwaka wa masomo 2021/22, humgharimu mzazi faranga 975 kwa muhula, kwa kiwango kilichotangazwa Septemba 2022. Kilichobaki hubebwa na Serikali. Mtoto wa mchana kutwa anayekula shuleni halazimiki kupanda na kushuka mlima adhuhuri. Kwa mshahara wa konstebo au koplo, nyumba nzuri kidogo iliyo karibu na shule ya Serikali inayofanya kazi ni afadhali kuliko chumba cha bei ndogo mbali na karo ya shule binafsi pamoja na nauli yake. Tumewaona waliofanya kinyume wakiishi kwa mikopo.

Habari ya lugha nayo isipuuzwe. Mwaka 2008 Serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa, na mwezi Desemba 2019 ikatangazwa kwamba kitumike tangu darasa la kwanza. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, nacho husikika sana katika soko la Kamembe na mitaa ya Bugarama, lakini sicho kinachomfaulisha mtoto wa msingi. Mtoto aliyetoka Kigali akaletwa huku anaweza kukuta wenzake wakijifunza Kiingereza pole pole zaidi au upesi zaidi kuliko yeye, kutegemea mwalimu. Ombi la kusikiliza somo kwa dakika chache humwambia mzazi mengi kuliko ubao wa matokeo uliotundikwa ofisini. Kama ofisi haina ubao, wako wazazi: baada ya kazi za umuganda za Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wa mudugudu hukaa wakazungumza, na mgeni anayeuliza habari za shule hajibiwi kwa kificho.

Si Rwanda peke yake yenye shida hii. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, polisi waliishi katika nyumba za Serikali ndani ya maeneo ya vituo, na nyingi zilikuwa duni, familia mbili zikigawana chumba kwa pazia. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba maofisa wa ngazi za chini wapewe posho ya nyumba na wakapange miongoni mwa raia. Uamuzi huo uliwatoa watu katika aibu, na hilo ni jema. Lakini wakati wa pazia, kila mtoto wa kituoni alijua shule yake, kwa kuwa wote walikwenda pamoja kwa njia moja. Posho huhesabiwa kwa cheo na mahali; haihesabiwi kwa idadi ya watoto wala kwa umbali wa shule. Konstebo mwenye watoto wanne wa shule na konstebo mseja hupewa fungu moja, na dalali anajua fungu hilo ni kiasi gani. Tanzania, jeshi lina shule zake zenye sifa, kama Makongo na Jitegemee za Dar es Salaam, lakini hizo ni za sekondari. Mtoto wa miaka saba anabaki kuwa mtoto wa mtaa, na shule yake ni ya mtaa.

Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachwa lote mikononi mwa askari mmoja mmoja. Kila kikosi kina karani, na kila karani anaweza kuwa na daftari lenye majina ya shule za msingi zilizo karibu na kambi au kituo, zamu zake, na nafasi zilizopo katika kila darasa, likifanywa jipya kila muhula kwa kuongea na walimu wakuu. Kazi hiyo ni ya siku mbili tu. Askari anayehama angempokea anayekuja kwa kumwonyesha nyumba aliyokuwa akikaa, kama ilikuwa nzuri, badala ya kumwachia dalali. Mambo kama haya hufanyika tayari kwa urafiki; yangefaa kufanyika kwa utaratibu. Tena wakubwa wanaoandika barua za uhamisho wangefaa kuwa na kalenda ya shule mezani. Tangu mwaka wa masomo 2021/22, mwaka wa shule wa Rwanda hauanzi tena Januari. Siku hizi huanza Septemba na kumalizika Julai. Uhamisho wa dharura hauna msimu, na hakuna askari asiyelielewa hilo. Lakini uhamisho wa kawaida unaoangukia Februari humkuta mwalimu mkuu amekwisha kugawa madawati, na mtoto wa askari huketi wa nne katika dawati la watatu.

Aliye katika hali ngumu kuliko wote ni mtoto wa darasa la sita. Mtihani wake wa taifa hufanywa mwishoni mwa mwaka wa masomo, na jina lake huandikishwa mapema katika shule anayosoma. Baba wa mtoto huyo akihamishwa katikati ya mwaka, asimtafutie nyumba Kamembe wala Bugarama kwanza. Atafute jamaa au jirani wa kuaminika kule anakotoka, akubaliane naye chakula na taa ya kusomea, naye mwenyewe apange chumba kimoja cha bei ndogo karibu na kazi mpaka mwezi Julai upite. Wale wadogo wawaje mapema pamoja na mama yao au wangoje pia, hilo litategemea zamu, njia na nafasi atakazozikuta huko, naye atakuwa na miezi kadhaa ya kuzikagua kwa miguu yake mwenyewe.